Laini ya Hashimu

Jumatatu, 10 Juni 2013

Leo tena! Mteja kaja na kitenge chake mkononi. Badala ya kuniambia anataka nini, kanisogezea simu puani. "Fundi, nishonee kama hii." Nikainama nione mshono wa kiunoni, kioo kikazima. Nikakigusa. Weee! Ikaja picha ya bwana mmoja kifua wazi! Msichana kaipokonya utadhani nimemwibia, na dukani wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Aliyecheka kuliko wote ni Winifrida, mwenye duka la vitenge. Cherehani yangu iko barazani kwake, hapa mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, miaka sasa. Mchaga, mdomo hauna breki, roho safi. Eti Mama Hashimu, hicho kitochi chako kipeleke makumbusho. Kimefungwa mpira wa manila kiunoni kama mwenye ngiri! Nikamwambia kitochi hiki nikikichaji Ijumaa, Jumatatu nakikuta kizima. Lidude lako likifika adhuhuri linalilia umeme kama mtoto anayelilia titi. Akarudi kupima vitenge vyake.

Lakini mie kinachonisumbua si mishono. Ni Hashimu.

Mwanangu wa pekee. Kazamia meli bandarini hapo, bila kuniaga, nikaja kusikia yuko Durban. Simu yake hana. Akimwona mtu mwenye huruma anaomba, anapiga. Kila mara namba ngeni. Na kichwani kashika namba moja tu, hii yangu, hata ya baba yake haijui. Jana kapiga. Sauti imekauka. Kasema bi mkubwa, kuna meli tunaivizia. Nikifika huko nitakupigia kabla ya mfungo, tuombane radhi. Na wewe tafuta simu ya kutachi, nikutumie picha, uuone uso wangu.

Nikamwuliza umekonda? Kacheka. Halafu ikakatika.

Kwa nini hakusema hajakonda?

Alhamisi, 13 Juni

Nimeulizia. Kuna simu ya Mchina, ya kutachi, laini mbili, inapiga kelele kama spika ya harusini. Bei yake naiweza. Winifrida kaja juu: usithubutu! Mchina huyo wiki ijayo na yeye utamfunga mpira wa manila. Chukua orijino, hata kama imetumika Ulaya. Nikasema sitaki makuu mie. Akasema shauri yako, picha ya mwanao itakuja na ukungu, uso hutauona.

Hapo kanipata. Kanishika penyewe.

Sitara kasema kinyume. Sitara ni wifi yangu, dada yake Abdulmajid, baba yake Hashimu. Abdulmajid aliniacha, lakini talaka haikututenganisha mie na Sitara. Tunapanga nyumba moja Magomeni, mlango kwa mlango. Kasema wifi, Hashimu anakupata kwenye hichohicho kitochi, unahangaika na nini? Ukitaka sura yake, si hiyo picha ya darasa la saba ukutani?

Ya darasa la saba! Mtoto ana ndevu sasa. Sijaziona.

Jumamosi, 22 Juni

Nimenunua! Nimeifumbata kama nimeiba.

Winifrida kanipeleka mwenyewe mpaka mtaa wa Aggrey, kwa kijana wao wa Kichaga, Godbless, ana kabati lake la vioo kwenye ngazi za ghorofa. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, kanieleza kila kitu kwa adabu. Simu nyeusi, nyembamba, inateleza kama kambale. Kona moja imechubuka. Imetoka Uingereza, kasema, ilikuwa ya mama mtu mzima kama wewe, kaitunza. Uongo mtupu, lakini uongo wenye heshima.

Haya, laini. Haiingii! Tundu dogo, laini yangu kubwa, ya zamani. Mchina yule angeimeza nzima nzima. Godbless kasema hakuna shida mama, zinakatwa. Kimashine chao cha kukatia kakiazima jirani, basi akachukua mkasi. Mkasi! Mie fundi, mkasi naujua. Nikamwambia mwanangu, hata kitambaa cha bei ya chee hukipigi mkasi kabla ya chaki. Kacheka: mama, nimekata laini za nusu ya Kariakoo. Akaikata kwa macho. Akaisugua kwenye jinzi lake. Akaichomeka.

Ikasoma! Mtandao ukapanda wote. Nikampigia Winifrida aliyesimama mbele yangu, tukaongea kama wendawazimu. Haloo, uko wapi? Niko hapa! Mie pia niko hapa! Wapita njia wanatushangaa.

Njoo sasa, Hashimu. Mamako kawa wa kisasa.

Jumapili, 23 Juni

Kidole changu cha sindano simu haikitambui! Kina sugu, kimechomwa mpaka kimekuwa kama kwato. Nagusa, kimya. Nagonga, kimya. Nikatumia kidole cha kati — ikampigia Abdulmajid. Yarabi! Hatujasemezana tangu Hashimu azamie. Nikahangaika kukata, kitufe cha kukatia hakionekani, nikaitupia chini ya mto ikaita huko mpaka ikachoka. Hakupokea. Afadhali.

Picha inapiga vizuri. Nimempiga Sitara akimenya ndizi. Kakasirika, halafu kaomba aione tena.

Jioni hii juu pale pameandikwa hakuna mtandao. Nikaizima nikaiwasha, ukarudi. Sasa umepotea tena. Labda mtandao wenyewe una matatizo.

Jumatatu, 24 Juni

Imekufa.

Simu inasema haina laini, nami laini naiona kwa macho yangu imelala mle ndani. Nimekimbia Aggrey na chaki mkononi. Godbless kaiinua juani, kaigeuza. "Mama, laini za zamani dhahabu yake pana. Mkasi umegusa kidogo." Umegusa kidogo! Nimemtukana matusi ambayo mie mwenyewe sikujua nayajua. Kijana wa watu kainamisha kichwa, na hilo ndilo lililoniliza.

Nimeirudisha laini kwenye kitochi. Inacheza mle ndani kama punje ndani ya debe. Nikakata boksi la nyuzi, nikaizungushia ikaenea, nikabana na selotepu. Ingiza laini, kinasema. Ingiza laini. Nimeingiza, shetani wee!

Godbless kasema usilie mama, unaenda duka la kampuni ya simu, wanakupa laini mpya namba ileile, sasa hivi tu. Namba ileile. Mie hilo tu. Simu hata waichukue.

Jumanne, 25 Juni

Nimekaa foleni kwenye baridi ya kiyoyozi mpaka meno yakagongana. Msichana wa kaunta kabandika jina kifuani, Evelyn. Mpole. Kaingiza namba, kaniuliza jina kamili. Zamda Mwinyimvua. Katazama kompyuta, katikisa kichwa. Siyo jina lililosajiliwa, mama.

Laini imesajiliwa kwa jina la Hashimu Abdulmajid.

Lo! Nikakumbuka palepale. Ule mwaka wa kusajili laini, vijana wa miavuli kila kona, usiposajili unafungiwa. Kadi yangu ya kura imetafunwa na panya. Hashimu ndiyo kwanza kapata ya kwake, anaringa nayo. Bi mkubwa, weka jina langu, kwani kuna tofauti gani? Magomeni nusu yetu tulifanya hivyo. Jina la mtoto, la jirani, la mpangaji mwenzio. Nani alikuwa na habari?

Evelyn kasema basi aje mwenyewe na kitambulisho chake. Nikamwambia huyo ndiye ninayemsubiri apige! Yuko nchi za watu! Hanipati bila laini, na laini hairudi mpaka yeye aje! Nimepayuka, foleni nzima imegeuka. Msichana kaniletea maji. Kasema mama, sina la kufanya, labda kama mwenye laini hawezi kuja kabisa. Kashusha sauti. Yaani akiwa ametangulia mbele ya haki. Hapo ndugu analeta cheti cha kifo, tunamhamishia.

Nikamwambia ushindwe na ulegee. Maji sikuyanywa.

Alhamisi, 27 Juni

Kwenye kitochi kuna ile namba aliyopigia Hashimu mara ya mwisho. Winifrida kanipa simu yake, kaweka na vocha. Iliita mpaka nikakata tamaa, akapokea mtu, Kiswahili cha Tanga kabisa! Nikasema baba, naitwa mama yake Hashimu. Akasema aah, mama, shikamoo. Hashimu kaondoka Jumapili. Wamepanda.

Wamepanda meli gani? Inaenda wapi? Hajui. Mwenyewe alikuwa hajui. Kasema tumekubaliana huku, mtu akishuka salama anapiga kwao kwanza. Hashimu atapiga kwako, mama, usiwe na wasiwasi. Asipopiga ndiyo mtajua.

Tutajua nini? Nikamwuliza, tutajua nini? Kasema simu si yake, mwenyewe anaidai.

Nimempa namba ya Winifrida ampe Hashimu akimpata. Kasema mama, aliyeko melini nampata vipi? Winifrida kamtafuta Fesibuku. Kina Hashimu kibao, wangu hayumo. Nimerudi barazani, nikashona mkono wa gauni ndani nje. Nikaufumua. Nikaushona tena vilevile.

Ijumaa, 28 Juni

Nimemeza kiburi. Nimekwenda mtaa wa Gerezani anakouza vyuma Abdulmajid. Nikamwambia wewe ni baba, twende wote, labda watakusikiliza. Kanisikiliza mpaka mwisho, haki yake nampa. Halafu kasema Zamda, yule mtoto alipopanda meli ya watu kama panya, mie nilimsomea moyoni. Nilishamzika. Usinifukulie.

Nikamwambia wewe uliyemzika ndiye aliyerithi pua yako! Sijui kwa nini nilisema pua. Kageuka kupanga misumari, mikubwa kaichanganya na midogo. Hakuja.

Jumapili, 30 Juni

Sijashona. Sijala. Ninaota simu inaita, naamka, inaita kweli — ya Sitara, mlango wa pili.

Jumanne, 2 Julai

Nimefanya. Mwenyezi Mungu nistiri.

Mjini kule kwenye maofisi kuna bwana anakaa chini ya ngazi na mkoba, wanamwita kishoka. Ukitaka cheti chochote anacho, cha kuzaliwa, cha ndoa, cha shule. Sikumwambia sababu, hakuuliza. Kalamu mkononi, kama anayeandika oda ya chai. Jina la marehemu? Nikasema Hashimu Abdulmajid. Umri? Nikasema. Kafa na nini?

Kafa na nini! Kasema mama, chagua chochote, wengi wanaandika ajali. Nikasema si ajali! Si maji! Watu wakageuka. Nikachagua malaria. Malaria ya hapa nyumbani, ya kulala kitandani kwake, mie nikimkanda kwa kitambaa, watu wamemzunguka. Nikamchagulia kifo kama ninavyomchagulia mteja kitambaa.

Siku gani? Yoyote, kasema, isiwe Jumapili tu, Jumapili wanauliza sana. Nikataja siku. Mdomo umetaja, mie sikuwepo.

Ijumaa, 5 Julai

Karatasi ninayo. Ngumu, ina muhuri mwekundu, Kiingereza kitupu, lakini jina lake nalisoma. Nimeiweka chini ya godoro, nikashindwa kulalia. Nikaiweka kabatini, nikamhisi mtu kabatini.

Ninamchuria mwanangu. Mama mzazi! Kitu unachokitamka kinasikia, ndivyo bibi zangu walivyosema. Je, kama yuko huko katikati ya maji, na hii karatasi ndiyo inamvuta?

Na nisipoipeleka? Atapiga. Atasikia namba unayopiga haipatikani. Atapiga tena. Atadhani mie ndiye niliyekufa. Atakata simu ya watu, ataondoka, na mie sitajua maisha.

Mfungo ndio huo unaingia. Kasema kabla ya mfungo.

Jumatatu, 8 Julai

Nimevaa baibui jeusi, si kwa makusudi, ndilo lililokuwa safi. Evelyn kanikumbuka. Kaona karatasi, kaweka mkono mdomoni. "Pole mama. Pole sana. Kumbe siku ile..." Nikaitikia tumeshapoa. Tumeshapoa! Ulimi huu!

Kaniuliza alifariki lini. Nikataja siku. Alikuwa mgonjwa? Malaria. Machozi yananitoka, ya kweli, si ya kuigiza, na yeye yanamlengalenga, na nyuma yangu mzee mmoja anasema inna lillahi. Mtu mzima mie, nimemwua mwanangu mbele ya foleni na watu wananipa pole!

Kaniandikia laini mpya, ndogo, imekatwa kiwandani. Jina langu. Kaichomeka mwenyewe, kafuta kioo kwa kitambaa. Mtandao ukasoma. Meseji zikaanza kumiminika, nikaikumbatia ile simu kifuani. Matangazo. Matangazo matupu. Nikamwuliza, na waliopiga ilipokuwa imekufa? Kasema mama, hizo hazitunzwi. Haiwezekani kujua.

Kwa hiyo huenda alishapiga. Huenda jana. Huenda hakupiga. Cheti kanirudishia, kachukua kivuli chake tu. Kesho nakichoma.

Jumanne, 9 Julai

Mwezi umeonekana, kesho mfungo. Watu wanapigiana simu kuombana radhi. Yangu haikunyamaza. Kila inapoita naikimbilia. Fulani kutoka Bagamoyo: tuwiane radhi. Nimekuwia, kwa heri! Mteja: fundi, nguo ya Idi usinisahau. Mwingine kakosea namba, nimemfokea, halafu nikamwomba radhi nayo!

Hashimu, bado.

Kariakoo leo kama siafu, kila mtu anakimbilia tende na sukari. Winifrida kapita mbio kuchukua gauni lake la kipaimara cha mpwawe. Nikamwambia chukua hapo kwenye mfuko, limepigwa pasi. Kachukua, kaondoka na kelele zake.

Nimerudi nyumbani, nimewasha jiko la mkaa, nichome ile karatasi kabla mfungo haujaingia. Siioni. Nimemwaga mkoba wote. Asubuhi nilikuwa nayo, nikaogopa itajikunja, nikaitia kwenye —

Mtume! Mfuko wa gauni la Winifrida.

Jumatano, 10 Julai

Mfungo mosi. Alfajiri nimempigia Winifrida, simu haipatikani. Hilo lidude lake na chaji zake!

Nimefika Narung'ombe, duka halijafunguliwa na watu wamejaa barazani. Winifrida kanirukia shingoni, ile karatasi mkononi, analia kwa sauti. "Mama Hashimu! Kwa nini umetuficha? Unatushonea huku una msiba!" Nikasema Winifrida, sikiliza. Hasikii. Kumbe jana hiyohiyo kazunguka mtaa mzima na beseni, rambirambi, duka kwa duka. Wapemba, Wahindi, Wachaga, makuli, wote wametoa. Godbless kaja, macho mekundu, kapiga magoti mbele yangu: mama, nisamehe, ningejua kuwa ndiyo ulikuwa unasubiri habari zake.

Nikapiga kelele: hajafa! Karatasi ya kununua! Nimeinunua, cheti cha bandia, ili wanirudishie laini! Ni mzima!

Wakatazamana wote. Nikadhani wamenielewa. Winifrida akanishika mgongo, akanisugua taratibu. "Ndiyo, mama. Ndiyo. Ni mzima." Halafu kamwambia mwenzake kwa kunong'ona, nami nasikia: hata mimi mama yangu alipofariki nilisema hivyohivyo, mwacheni.

Sijawahi kumwona Winifrida asiyecheka. Ndiyo nikaogopa.

Na keshampigia Sitara. Na Sitara keshamwambia kaka yake.

Alhamisi, 11 Julai

Nimeamka nikakuta viatu mlangoni mpaka barabarani. Mikeka imeshatandikwa ukumbini. Wanawake wa Magomeni wote ninaowajua na nisiowajua, kanga zimefungwa, wananiegemea mmoja mmoja. Nawaambia hajafa. Wanasema Mungu akupe subira. Nawaambia nimedanganya. Wanasema lia, lia utoe. Mmoja kaniambia kukataa hivi ni kukufuru, na mwezi huu! Nikamwambia toka. Akatolewa yeye, wakanipepea mie.

Abdulmajid kaja baada ya futari. Kakaa kwenye kigoda mlangoni kwangu, karatasi aliyopewa na Winifrida mkononi, mtu mzima analia kama mtoto. Nikamfukuza Sitara, nikafunga mlango, nikamweleza yote tangu mkasi wa Godbless. Kwa utaratibu, bila kelele, yeye si ananijua nikitulia. Akanisikiliza. Akaitazama karatasi, akaikunja. Nikaona kaniamini! Uso umeniambia.

Halafu akauliza: mara ya mwisho kakupigia lini?

Nikamwambia.

Na mtu wa Durban kasema wamepanda?

Wamepanda.

Kasema wakishuka salama wanapiga kwanza kwao?

Nikasema ndiyo, lakini laini ilikuwa imekufa, baba Hashimu, huenda kapiga —

Na tangu Jumatatu laini nzima?

Nzima.

Na mfungo umeingia?

Nikaitazama simu. Hakuigusa tena habari ya karatasi. Kasema kwa sauti ya chini, Zamda, kesho Ijumaa. Tumsomee. Kama yuko hai, Qurani haimdhuru mtu.

Hilo ndilo linaloniua. Sio hao walioniona kichaa — huyu aliyeniamini.

Ijumaa, 12 Julai

Msikitini wamemswalia. Sala ya maiti asiyekuwepo. Sitara kanieleza safu zilifika nje, eti nifurahi.

Naandika nimejifungia. Huko nje wanamenya magimbi na kukuna nazi za futari, baada ya alasiri hitima. Winifrida yumo, nimemchungulia tundu la ufunguo, kajitanda kanga kichwani, anakata vitunguu, hajui kuwa mie nampenda na ninamchukia. Beseni la rambirambi limewekwa juu ya kabati langu. Wamegeuza picha ya darasa la saba ukutani. Nimeirudisha. Wameigeuza tena.

Simu iko kwenye chaji, waya mfupi, basi nimekaa chini ukutani nayo. Nimeweka mlio mpaka mwisho. Nimejifunza kuipokea kwa kidole kidogo, hicho inakitambua. Asubuhi iliita namba ndefu, yenye jumlisha mbele! Nikapokea, nikasema Hashimu? Hashimu? Kuna upepo, au mashine, au watu wengi. Ikakatika. Nikaipigia, haiendi. Nimemwambia Sitara. Kasema wifi, namba hizo ni za matapeli, hata Mzee wa mtaa wa pili alipigiwa.

Huenda. Huenda ni matapeli. Tapeli mwenyewe si mie?

Nikitoka nikakaa pale mkekani, nikaitikia amina, nimemzika. Nisipotoka, ni mama gani hahudhurii hitima ya mwanawe? Sijui tena kama yuko hai. Naandika hivi humu tu. Sijui. Karatasi nimeinunua mwenyewe, najua ni ya uongo, na sijui.

Wanasogeza mikeka. Sauti ya shehe. Abdulmajid anakaribisha watu kwa sauti ambayo sijaisikia tangu siku ya harusi yetu.

Sitara kagonga. Wifi, wanakusubiri wewe tu. Nikasema nakuja. Kagonga tena. Shehe kaomba simu zote zizimwe, kisomo kinaanza, zima hiyo utoke.

Huko nje nazisikia zinazimwa, moja moja, zinaimba vijiwimbo vyao vya kwa heri.

Kashika kitasa. Wifi, umezima?

Nimemwambia nimezima, nayo iko magotini, inawaka.